Bunduki Nyepesi na Msumari Mtupu

Jumatatu, 1 Julai

Leseni ya bunduki imefika. Nimeisubiri tangu Novemba. Saa nne asubuhi nikamwambia meneja wa duka la ushirika, ninakofanya kazi, kwamba kuna mteja pampu yake imekufa, nikatoka mbio. Pampu haikuwepo. Nilikwenda kwa Grundling, muuza bunduki, nikaichukua ya kwangu.

Kilo mbili na gramu mia nne! Kitako cha nyuzi za kaboni zilizogandishwa, si cha mti. Mtutu mwembamba kama penseli. Nimeinua kwa mkono mmoja, nikashusha, nikainua tena. Grundling akanionya kwamba mtutu mwembamba hupata moto upesi: risasi ya kwanza huenda pale unapotaka, ya pili jirani na hapo, ya tatu inajiamulia yenyewe. Nikamjibu kwamba kwa baba mkwe wangu kila mtu hupewa risasi moja tu. Akasema basi hapo nimechagua vizuri. Akaongeza neno kuhusu bunduki nyepesi na teke lake, lakini mimi nilikuwa bado naiinua.

Niandike sababu, nisije nikajisahau. Kwenye korido ya nyumba ya wakwe zangu, shambani Koueberg, kuna safu ya misumari. Kila mtoto na kila mkwe ana wake, na chini yake kadi yenye jina kwa mwandiko wa mama mkwe. Juu ya msumari hutundikwa pembe za ribok, yule swala wa kijivu wa milimani, uliyempiga mwenyewe. Neels, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, ana jozi tatu. Mimi nimeoa miaka ishirini na miwili. Kwenye msumari wangu mama mkwe hutundika plastiki ya kuulia nzi.

Na mwaka huu ndio mwisho. Baba mkwe ana miaka themanini na moja, magoti yamechoka, Agosti shamba linakodishwa na wao wanahamia mjini. Jumamosi tarehe 13 anapanda mlima mara ya mwisho. Nisipompata dume siku hiyo, sitampata tena.

Jumanne, 2 Julai

Nimebeba bunduki zote mbili hadi ushirika, kwenye mizani ya mbegu, kabla wengine hawajafika. Ile ya marehemu baba yangu: kilo nne na gramu mia saba. Mtutu mnene, kitako cha mti wa jozi, darubini ya kale nzito kama jiwe la kusagia. Baba alikuwa akiiegemeza kwenye mlango wa gari na kupiga swala wa tambarare hatua mia tatu bila kuvuta pumzi mara mbili. Sawa. Lakini baba hakupanda Koueberg. Ribok hukaa juu kabisa, kwenye upepo, na anakuona ungali unafunga kamba za viatu kule chini. Lazima upande kwa muda wa saa tatu, kisha upige mbali, kifua kikiwa bado kinapwita. Kwa hiyo mkononi unataka kitu chepesi, na kitu kinachopiga palepale. Vyote viwili. Miezi minane nimesoma, nimelinganisha, nimeandika madaftari mawili. Chaguo langu halina kasoro.

Hester, mke wangu, aliuliza tofauti ya bunduki hizo mbili ni kiasi gani. Nikamwambia kwa fahari: kilo mbili na gramu mia tatu. Akanitazama tumbo, akarudi kwenye gazeti lake. Ningependelea aseme kitu.

Jumatano, 3 Julai

Nimempata Neels! Alikuja ushirika kununua vali. Ana bunduki mbili na bado hajaamua apande na ipi: ile ya wastani anayopandia kila mwaka, au ile ya tambarare yenye mtutu mnene kama bomba la inchi moja. Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia kwa upole, kama mtu anayetoa siri, kwamba siku hizi wenye kujua wote wanarudi kwenye mitutu minene. Kwamba uzito ndio utulivu. Kwamba mtu mwenye miguu kama yake hahitaji kuhesabu gramu.

Akafurahi, akanishukuru, akasema atapanda na ile nzito. Ina kilo sita! Atakuwa hoi kabla ya bikoni ya pili, ile nguzo ya wapima ardhi. Nilijisikia vibaya kidogo hadi saa sita mchana, nikala, nikawa sawa.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeanza kupunguza. Kilo mbili na gramu mia nne ni nzuri, lakini kwa nini kuishia hapo? Nimeondoa mkanda wa ngozi, nimefunga kamba ya kiatu. Gramu mia moja na sitini zimekwenda. Kisha nikaona ule mpira ulio nyuma ya kitako, unaokaa begani. Gramu mia moja na themanini, na haufanyi kazi yoyote. Nikaufungua. Nikabadilisha darubini pia, nikaweka ndogo, fupi, ambayo inakutaka usogeze jicho karibu.

Jioni jua likiwa bado lipo nikaenda kwenye machimbo ya changarawe kujaribu. Nikalala kifudifudi, nikalenga, nikavuta.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka anga. Bega lilikwenda kwa jirani na darubini ikaja kunisalimia usoni. Damu hadi kwenye kola. Juu ya jicho la kulia sasa kuna mkato wa mviringo, nusu mwezi kamili. Risasi ya pili nilipiga, ila niliona macho yangu yanafumba yenyewe kabla. Ya tatu vilevile. Karatasi ya shabaha haina tundu hata moja. Nimekagua pande zote mbili.

Bunduki itakuwa haijazoea baridi.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani. Nilimwambia Hester tusiende. Akasema sisi ni wazee wa kanisa na mimi ndiye ninayepitisha sahani ya sadaka. Basi nikapita na sahani, safu kwa safu, na nusu mwezi wangu juu ya jicho.

Kila mwanamume katika wilaya hii anaijua alama ile. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu. Kila mmoja alipoweka sadaka aligusa nyusi yake ya kulia kwa kidole, taratibu, akatazama mbele. Safu kumi na nne. Mlangoni nilimwambia mchungaji kwamba nimegongwa na kabati la jikoni. Akanishika mikono yote miwili, akasema hata yeye aliwahi kugongwa na kabati hilohilo, mwaka aliotawazwa.

Neels alikuwepo. Aliuliza kama kabati lenyewe ni jepesi.

Jumanne, 9 Julai

Siwezi kula. Ninapofumba macho naona ile sahani ya plau.

Ndiyo hiyo kanuni ya Koueberg: Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya kupanda, kila mtu anapiga risasi moja kwenye sahani ya plau iliyopakwa chokaa na kutundikwa hatua mia mbili na hamsini. Ikilia, kesho unapanda. Isipolia, unabaki chini na chungu cha miguu mitatu, unachochea moto, unakata karoti. Mimi nimekata karoti miaka ishirini na miwili. Naweza kukata karoti nimefumba macho. Mwaka 2008 ililia nilipopiga, nikaruka juu, kumbe Neels alikuwa amepiga sekunde ileile.

Hester amenikalisha mezani. Akaniomba, kwa sauti ambayo huitumia mara moja kwa mwaka, nichukue bunduki ya baba. Alisema nzito haipigi teke, kwamba baba yake mwenyewe alikuwa akiisifu, kwamba yeye hajali nikichelewa kufika juu. Nikamweleza kuhusu gramu. Nikamwonyesha daftari la kwanza. Alisoma ukurasa mmoja na nusu.

Kisha akachukua koti langu la kuwindia, akashonea begani kipande cha sponji ya kochi la zamani. Nimeguswa sana, nilitaka kulia. Alipokwenda kulala mchana nimekipima. Gramu tisini. Nimekifumua.

Alhamisi, 11 Julai

Grundling amenirudishia darubini ya kwanza na kuisogeza mbele. Alikataa kabisa kuniachia niende bila ule mpira wa nyuma, akaufunga yeye mwenyewe kwa skrubu, akaficha bisibisi. Kwa hiyo nimerudi karibu na uzito wa mwanzo. Wiki nzima ya kazi imepotea.

Alijaribu bunduki mbele yangu, nyuma ya duka lake. Risasi moja, mtutu wa baridi. Katikati. Akanigeukia akasema bunduki haina neno. Alilisema lile neno bunduki kwa kuvuta kidogo. Sikulipenda.

Nimebadilisha soksi za sufu kwa nyepesi. Nimekata mpini wa kijiko. Kesho.

Ijumaa, 12 Julai, Koueberg

Naandika jikoni kwa wakwe, karibu na jiko. Mama mkwe ananikodolea macho huku anamenya viazi.

Tulijipanga alasiri. Upepo wa baridi kutoka kwenye theluji ya mlimani. Neels wa kwanza, na bomba lake la kilo sita. Akaliweka juu ya mfuko wa mchanga na halikutikisika hata kidogo, kama nyumba. Sahani ililia hadi mbwa wakajibu. Akanipa mkono mbele ya watu wote, akasema asante kwa ushauri, shemeji, uzito ndio utulivu. Mke wake akapiga makofi.

Kisha mimi. Nikalala, nikalenga, nikavuta. Vumbi likaruka pembeni, mbali, mahali ambapo kondoo hulala. Kimya. Nikaanza kuinuka kwenda kutafuta kisu cha karoti.

Baba mkwe akasema nibaki palepale. Ni mtu wa maneno machache. Mwaka 2011 naamini hakunena nami kabisa. Akachukua bunduki, akatugeuzia mgongo, akatia risasi kutoka mfukoni mwake, akafunga komeo, akanirudishia. Akasema nipige tena.

Nikavuta. Tik!

Haikulia. Lakini mimi nilikuwa nimeshafumba macho, bega limeruka nyuma, na mtutu ukainama chini kama kuku anayedonoa. Mbele ya wote. Bila mlio wowote wa kusingizia. Neels alicheka hadi akashika ukuta. Watoto wa Neels wakaanza kuigiza.

Baba mkwe hakucheka. Akafungua komeo, akatoa ile risasi: ganda tupu, limepakwa rangi nyekundu ya kucha ya mama mkwe ili lisichanganywe na nzima. Akaniambia polepole:

"Bunduki yako ni nzuri, Barend. Wewe ndiye unayeiogopa."

Nikaangalia chini. Nilihisi aibu iliyofika hadi miguuni. Nikamwambia sawa, Baba, nitakata karoti. Ndipo akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia:

"Karoti atakata mwingine. Kesho unapanda na mimi. Risasi zitakaa mfukoni mwangu."

Neels akaacha kucheka. Akakumbusha kanuni, sahani haikulia. Baba mkwe akamjibu kwamba kanuni ni yake, mlima ni wake hadi mwezi ujao, na kama Neels ana malalamiko ampelekee mpangaji mpya.

Nimefurahi na ninaogopa sana. Nikikosa kesho nitakuwa nimekosa mbele yake yeye, juu ya mlima wake, siku yake ya mwisho. Bora karoti.

Jumamosi, 13 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Tuliondoka kungali na baridi kali, nyasi nyeupe kwa jalidi. Bunduki yangu haikuwa na risasi. Risasi zilikuwa mfukoni mwa mzee, pamoja na biskuti ngumu za mama mkwe. Nilipanda kama mbuzi. Karibu. Neels alifika bikoni ya pili, akakaa juu ya jiwe na bomba lake mapajani, uso mwekundu, akasema goti. Akatuambia tutangulie. Nilimwonea huruma ya juu juu. Ushauri wangu ulifanya kazi!

Mzee alikuwa akipumzika kila hatua ishirini. Sikuwahi kumwona anapumzika. Mara moja alinishika bega ili avuke mwamba na hakuuondoa mkono haraka. Niliwaza kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho anayepanda naye, kati ya watu wote, mimi wa karoti.

Saa tano tukawaona. Majike manne na dume, ng'ambo ya korongo, upepo ukitujia usoni. Mzee akapima kwa macho: hatua mia mbili na themanini. Moyo wangu ukaanza kupiga hadi darubini ikawa inaruka. Nikalala nyuma ya mwamba, nikaweka mfuko chini ya mtutu. Jasho, kwenye baridi ile. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba siwezi, achukue yeye.

Akanichukulia bunduki. Akageuka, nikasikia komeo likifunguka na kufungwa. Akanirudishia, akalala kando yangu, akanong'ona sikioni:

"Nimetia ile nyekundu, tupu. Tufanye mazoezi kwanza, wala hawajatuona. Lenga nyuma ya bega. Vuta taratibu kama unakamua ng'ombe."

Ah, mazoezi! Mzigo wote ukanitoka. Tupu haipigi teke. Tupu haikosi. Nikashusha pumzi. Nikamwona dume vizuri kwa mara ya kwanza, manyoya ya shingo yakipepea, pua lake jeusi lililovimba, pembe mbili zilizosimama wima. Nikawaza jinsi alivyo mzuri. Nikawaza pia kwamba njaa inauma. Nikavuta, taratibu, macho wazi kabisa.

Mlio ulijaza korongo lote.

Dume aliruka mara moja, akaanguka palepale. Hakuinuka. Mimi nilibaki nimelala nimeduwaa, mdomo wazi. Teke sikulihisi. Nikamgeukia mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapekua mfuko wake.

"Loo," akasema. "Nitakuwa nimechanganya."

Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Upepo wa kule juu ni mkali mno kwa macho ya wazee.

Tulishuka polepole, dume mabegani mwangu, bunduki mkononi mwake. Neels alitusubiri kwenye jiwe lake. Aliangalia pembe, akaangalia nyusi yangu, akanisaidia kubeba. Chini, mke wa Neels alikuwa anakata karoti.

Jumapili, 14 Julai

Pembe ziko kwenye msumari! Mama mkwe ameondoa plastiki ya nzi kwa mikono yake, akapangusa kadi yangu kwa aproni. Nimepita kwenye korido mara kumi na moja leo. Mara ya tisa nilimkuta mzee amesimama pale peke yake, mikono nyuma, anazitazama. Akanipisha.

Lakini kuna jambo linanikera, na nimeona ni wajibu wangu kulisema. Mezani, baada ya mwanakondoo na kabla ya keki ya maziwa, nikasimama. Nikawaeleza wote kwa upole kwamba Baba anazeeka. Kwamba jana, mlimani, alitia risasi nzima akidhani ni tupu, tena ile tupu imepakwa rangi nyekundu inayoonekana kutoka barabarani. Nikasema simlaumu. Nikasema tu kwamba huko mjini apelekwe kwa daktari wa macho, na risasi zisikae tena mfukoni mwake.

Neels alianza kusema kitu, mke wake akamkanyaga mguu, niliona meza ikitikisika. Hester alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono akaushika wa mzee, na machozi yakamtiririka. Binti wa watu, ndiyo kwanza ametambua hali ya baba yake. Mzee akampapasa vidole, akasema nimesema kweli, atakwenda kwa daktari. Akaomba keki.

Nimefarijika kwamba limesemwa.

Nimeshamwandikia Grundling. Kuna bunduki mpya ya kilo mbili na gramu mia moja. Kama nilipiga hatua mia mbili na themanini na ile ya kilo mbili na gramu mia nne, bila teke wala kutikisika, hebu fikiria hiyo. Nimemwomba pia ile bisibisi. Daftari la tatu nimelifungua, ukurasa wa kwanza nimeandika: kosa pekee la mwaka huu lilikuwa uzito.

Na kila nikikumbuka ile risasi mwili unasisimka. Mtu anatia nzima akidhani tupu, mbele ya dume la mwisho la maisha yake! Ingekuwa mikononi mwa mwingine tungerudi mikono mitupu. Maskini mzee. Bahati yake nilikuwa nimechagua bunduki sahihi.